Mwalimu Mpya na Darasa Lake la Kwanza



Kila mwaka, vyuo vya ualimu vinapowatoa wanafunzi wao kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, shule zetu za pande hizi za Shinyanga na Geita hupokea wageni. Huja na mabegi yao, na nguo zilizopigwa pasi, na madaftari ya maandalio yaliyovishwa majalada ya karatasi. Wengine wametoka chuo cha Shinyanga, wengine Butimba kule Mwanza, wengine Tabora. Wanakijiji huwatazama wakishuka garini, nao husema, "Waalimu wamekuja." Lakini wageni wenyewe, jioni wakiketi peke yao, huulizana neno moja: Je, tu tayari?

Neno hilo ndilo nitakalo kulinena mwezi huu. Maana nyumba nyingi zisomazo kurasa hizi zina kijana aliye chuoni, au zimempa mwalimu mgeni chumba cha kupanga, au zina mtoto atakayeketi mbele yake.

Mimi hufundisha kipindi cha dini katika shule moja ya msingi iliyo karibu na machimbo ya dhahabu, na kwa hiyo huketi pamoja na waalimu wengine katika chumba chao. Mwaka mmoja alikuja kwetu binti mwanachuo, mwenyeji wa mbali, asiyekuwa na jamaa hata mmoja huku. Alipewa kufundisha darasa la kwanza. Siku moja kabla ya kuanza alinikuta barazani, akanisalimu, "Shikamoo, mwalimu." Nikamwitikia, kisha nikamwuliza, "Mwanangu, kesho ndiyo siku yako. Moyo wako u hali gani?" Akanijibu bila kusita, "Niko tayari, mwalimu. Chuoni nilipata alama nzuri. Andalio la somo nimekwisha kuliandika, zana nimezichora, na nyimbo za kuwachangamsha watoto nazijua."

Asubuhi akaingia darasani, akakuta watoto 112. Madawati hayakutosha, wengine waliketi sakafuni, na wadogo zaidi walibanwa ukutani. Akatundika picha aliyoichora vizuri, mama anateka maji kisimani. Akauliza kwa sauti njema, "Mama anateka nini?" Watoto wakamtazama. Akauliza tena. Wakaendelea kumtazama. Akaimba wimbo, wakaimba naye vizuri mno. Akauliza mara ya tatu, wakanyamaza vile vile. Basi huko nyuma wawili wakaanza kupigania kipande cha penseli, mwingine akalia, na kabla hajajua aanzie wapi kuwatuliza, kengele ikapigwa. Nusu saa ilikuwa imekwisha, na andalio lake halijafika hata robo.

Akaja katika chumba cha waalimu, akaketi, machozi yakimlengalenga. Akasema, "Watoto hawa hawajui kitu." Hapo alikuwapo mama mmoja, mwalimu wa siku nyingi aliyekaribia kustaafu. Hakuinua macho katika madaftari aliyokuwa akisahihisha. Alisema tu, "Wanajua, mwanangu. Swali lako ndilo hawakulielewa. Nyumbani kwao hayo ni minzi."

Yule binti hakujua Kisukuma, na watoto wengi wa darasa lile walikuwa hawajakijua Kiswahili. Walikuwa wameimba wimbo wake kama kasuku. Maji waliyajua sana, maana baadhi yao waliyateka wenyewe kila alfajiri kabla ya kuja shuleni.

Nimekisimulia kisa hiki si kwa kumcheka. Nakisimulia kwa sababu kinaonyesha ya kuwa kujiona tayari ni jambo moja, na kuwa tayari ni jambo jingine.

Hofu ina daraja zake

Alikuwako bibi mmoja wa Marekani, Frances Fuller, aliyefanya kazi ya kuwatayarisha waalimu katika Chuo Kikuu cha Texas. Mwaka 1969 alitoa andiko juu ya mambo yanayoisumbua mioyo ya waalimu wachanga, na katika miaka iliyofuata yeye na mwenzake wakayapanga kwa daraja tatu. Kwanza mwalimu huifikiri nafsi yake: Watanionaje? Watanitii? Mkufunzi akija kunikagua, nitapata nini? Pili huifikiri kazi: Nitamalizaje azimio la kazi? Nitasahihishaje madaftari mengi hivi? Mwisho huwafikiri watoto: Huyu ameelewa? Yule kwa nini hasemi?

Mtu yeyote aliyepata kufundisha atakiri ya kwamba ndivyo ilivyo. Basi kijana anayeogopa kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe siku ya kwanza si mwalimu mbaya. Yuko katika ngazi ya kwanza tu, na kila mwalimu aliipanda. Ubaya ni kukaa pale pale miaka kumi.

Mwaka 1984 bwana Simon Veenman wa Uholanzi alizikusanya chunguzi 83 za nchi mbalimbali juu ya taabu za waalimu wapya. Taabu iliyotajwa kuliko zote ilikuwa utulivu wa darasa, yaani jinsi ya kuwafanya watoto watulie na kusikiliza. Ikiwa waalimu wa Ulaya na Amerika, wenye madarasa madogo, wamelia kilio hicho, haifai kijana wetu mwenye watoto mia moja aone haya kulia vile vile.

Mambo ambayo chuo hakiwezi kuyatoa

Tusivilaumu vyuo bure. Chuoni kijana hufundishwa elimu ya malezi, hufundishwa kuandika azimio la kazi na andalio la somo, kutengeneza zana, na kupima maendeleo ya watoto. Haya yote ni mema, nayo yana faida. Lakini kabla ya kupelekwa shuleni wanachuo hufundishana wao kwa wao. Mmoja husimama ubaoni, na wenzake hujifanya kuwa watoto wa darasa la kwanza. Hao ni watoto wa ajabu! Wote wanajua Kiswahili, wote wamekula, hakuna aliyeamka usiku kuchunga ng'ombe, na akiulizwa swali kila mmoja huinua mkono ili mwenziwe apate alama. Aliyezoea darasa la namna hiyo hujiona yu tayari, wala hasemi uongo. Yu tayari kwa darasa lile.

Mwaka 2013 mtaalamu Kwame Akyeampong wa Ghana na wenzake watatu walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi sita za Afrika, nazo ni Ghana, Kenya, Mali, Senegal, Uganda na hii Tanzania yetu. Walitazama jinsi waalimu wanavyotayarishwa kufundisha kusoma na kuhesabu katika madarasa ya chini. Wakaona ya kuwa wengi hutoka chuoni wakijiamini sana, walakini kujiamini huko mara nyingi hakukuwa na msingi wa kutosha. Walikuwa wamejifunza njia maalumu za kufuata, na mtoto asipoielewa njia ile, hawakujua wapitie wapi pengine.

Basi neno "niko tayari" halitoshi kuwa ushahidi, na neno "naogopa" vile vile si ushahidi wa kushindwa. La kuuliza ni hili: Watoto wasipoelewa, nitafanya nini?

Mambo ya nchi yetu

Mwalimu anayekuja pande hizi na ajue mambo matatu.

La kwanza ni wingi. Kipimo cha Serikali kwa shule za msingi ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Lakini tangu Januari mwaka 2016, michango ya lazima ilipoondolewa, watoto walimiminika shuleni, jambo ambalo ni la kushukuru. Walakini waalimu na madarasa hayakuongezeka kwa mwendo ule. Mkoa wa Geita, ulioanzishwa mwaka 2012, umekuwa miongoni mwa mikoa yenye watoto wengi mno kwa mwalimu mmoja.

La pili ni lugha. Mtoto wa Kisukuma aliyelelewa katika kaya ya wafugaji aweza kufika darasa la kwanza akiwa na maneno machache tu ya Kiswahili. Si mjinga. Ana lugha nzima kichwani, ila mwalimu hana ufunguo wake.

La tatu ni dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza kutoa dhahabu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu wilayani Kahama mwaka 2001, watu walikuja kutoka kila upande. Hata pasipo migodi mikubwa, wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kwingineko hufuata habari za dhahabu, na habari zikihama nao huhama, pamoja na watoto wao. Mwalimu huanza mwaka na orodha ya majina, na kabla ya katikati ya mwaka majina mengine yamekwisha kutoweka na mapya yameingia. Mvulana mkubwa kidogo hujua ya kuwa akibeba mawe siku moja au akisaidia kwenye mwalo wa kuoshea dhahabu, atapata fedha mkononi jioni ile ile. Mwalimu humwahidi faida ya miaka kumi ijayo. Ni biashara ngumu kuinadi.

Kosa langu mwenyewe

Hapa yanipasa kuungama jambo. Nilipokuwa kijana, nimetoka tu shule ya misheni, nilipewa kusaidia kufundisha watoto katika shule moja ambayo sitaitaja. Sikuwa na mafunzo ya ualimu, ila nilijiona nafaa. Mimi ni Msukuma. Lugha ya wale watoto nilinyonya nayo maziwa. Lakini niliona haya kuinena mbele ya ubao, nikidhani ya kwamba ualimu ni Kiswahili safi na uso mkavu.

Siku moja nilimwuliza mvulana mmoja swali, akanyamaza. Nikamwuliza tena, akanyamaza. Wenzake wakaanza kucheka, nami nikaona kana kwamba wananicheka mimi. Nikachukua fimbo. Nilimchapa mtoto yule kwa sababu ya hofu yangu, nikaiita adabu. Majuma machache baadaye hakuja tena shuleni. Miaka ilipita, nikamkuta mnadani, mtu mzima, mikono yake imepasuka kwa kuponda mawe. Alinisalimu kwa heshima, "Shikamoo, mwalimu." Sikuweza kumwitikia mara moja.

Sisemi ya kuwa fimbo yangu peke yake ndiyo iliyompeleka machimboni. Umaskini ulikuwa na sehemu yake. Lakini najua ya kuwa neno moja la Kisukuma siku ile lingalitosha, nami nilikuwa nalo mdomoni.

Ndiyo maana nawaambia vijana: hofu iliyofichwa huzaa fimbo. Kanuni za Serikali za mwaka 2002 zinamruhusu mwalimu mkuu peke yake, au yule aliyepewa naye ruhusa kwa maandishi, kutoa adhabu ya viboko, wala visizidi vinne. Mwanachuo aliye katika mazoezi hana ruhusa hiyo, na afurahi kutokuwa nayo. Itamlazimu kutafuta njia nyingine mapema.

Wale waliotutangulia

Nchi yetu imepata kuwapeleka darasani vijana wenye matayarisho haba kuliko ya leo. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi, hapakuwa na waalimu wa kutosha. Ndipo vijana maelfu kwa maelfu waliomaliza darasa la saba wakachaguliwa vijijini. Walifundisha sehemu ya siku, na sehemu nyingine walijifunza ualimu papo hapo kwa vitabu vya masomo, kwa redio, na kwa wakufunzi waliowakusanya. Baadaye, katikati ya miaka ya 2000, shule za sekondari za kata zilipojengwa kwa wingi, vijana wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache tu, wakapelekwa kufundisha. Watu wakawabandika jina la "Voda Fasta", kwa mfano wa huduma ya simu ya kujaza salio upesi.

Watu waliwadharau hawa na wale, na kweli elimu yao ilikuwa na mapengo. Lakini wale wa miaka ya 1970 walikuwa na kitu kimoja ambacho mwanachuo wa leo aweza kukikosa: walijifunza wakiwa darasani, na swali la asubuhi waliweza kulipeleka kwa mkufunzi lingali moto. Leo kijana husoma kwanza, hufanya mazoezi kwa muda mfupi, hupata cheti, kisha pengine hungoja ajira miaka kadhaa, akiuza duka au akilima. Siku anapoitwa, mambo ya chuo yamepoa. Huyo naye tusimwambie, "Wewe umesoma, endelea."

Wachunguzi wawili wa Marekani, Anita Woolfolk Hoy na Rhonda Burke Spero, mwaka 2005 walionyesha ya kwamba moyo wa kujiamini hupanda wakati wa mafunzo, kisha hushuka katika mwaka wa kwanza wa kazi. Nao waliona kuwa kupanda na kushuka huko kulifuatana na msaada aliopata mwalimu katika mwaka ule. Habari hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Maana yake ni kwamba utayari wa mwalimu mpya hauko ndani yake peke yake. Nusu yake iko kwetu sisi tunaompokea.

Tufanye nini?

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu mgeni hapewi hata hizo siku mbili. Hupewa jembe mlangoni, tena shamba lenye visiki. Basi na tumsaidie hivi.

Ninyi vijana mlio chuoni, kabla ya kufundisha ombeni ruhusa kuketi nyuma ya darasa siku mbili au tatu, mkitazama. Jifunzeni majina ya watoto kumi kila siku. Jifunzeni salamu ya mahali mnapokwenda. Asubuhi mwalimu akisema "Mwangaluka" katika darasa la Wasukuma, uso wa mtoto hubadilika. Andikeni katika kila andalio mstari mmoja zaidi: wasipoelewa, nitafanya nini. Na mkishindwa, semeni. Mwenye kuficha jeraha huozewa nalo.

Ninyi waalimu wa zamani, msiwaachie wageni darasa la kwanza na la pili kwa sababu tu ninyi mmelichoka. Hilo ndilo gumu kuliko yote. Ikiwa ni lazima, ingieni nao siku za mwanzo. Serikali imeanzisha mpango wa MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya waalimu walio kazini, ambao kwa huo waalimu wa shule moja hukutana katika jumuiya za ujifunzaji na kuzungumza juu ya kazi yao. Mpeni mgeni nafasi ya kunena katika mkutano huo, naye aulize bila kuchekwa. Msimgeuze kuwa wa kuchota maji na kujaza shajala tu.

Ninyi wazazi, msingoje mkutano wa shule. Mwalimu akija kupanga kwenu, mwonyesheni kisima, soko, na njia salama. Mwambieni ni siku zipi watoto huchunga, na ni majira gani hupelekwa machimboni. Afadhali aijue kweli kuliko kuhesabu watoro bila kujua sababu. Na nyumbani semeni na watoto wenu Kiswahili kidogo kabla hawajaanza shule, pasipo kuiacha lugha ya mama.

Na yule binti? Yule mama aliingia naye darasani asubuhi nne mfululizo. Aliketi kando, na pale watoto waliponyamaza alimpa neno la Kisukuma, binti akalisema, watoto wakacheka kwa furaha, kisha wakalisema kwa Kiswahili. Minzi, maji. Numba, nyumba. Juma la tatu niliwasikia kutoka nje wakisoma ubaoni, si wote, lakini wengi. Alipokuwa akifunga begi lake kurudi chuoni, nilimwuliza tena kama yu tayari. Akafikiri kidogo, akasema, "Bado, mwalimu. Lakini sasa nayajua nisiyoyajua."

Mwezi ule alikuwa amejifunza, na sisi pia. Basi, ndugu msomaji, shule ikifunguliwa ukamwona kijana amesimama mlangoni pa darasa ameshika chaki mpya, usimpite. Mwulize jina lake, mwambie la kwako, na umwambie mtoto wako yuko darasa gani.